Niandike Mara Mbili

Kila asubuhi mimi humpikia mzee mmoja Mmarekani uji wa shayiri, mzito, wenye chumvi badala ya sukari. Anasema ndivyo mababu zake walivyoula kule Uskoti kabla ya kupanda meli kwenda Amerika, enzi ambazo Amerika ilikuwa bado koloni la mfalme. Juzi uji ulinishikia sufuriani. King'ora cha moshi kikalia, madam, mwajiri wangu, akatoka chumbani akifoka, nami nikabaki nimeshika mwiko, mwili uko ghorofa ya ishirini na tatu hapa Dubai Marina, pua iko jikoni kwa nyanya, zaidi ya miaka thelathini nyuma, uji wa wimbi ukiungua na nyanya akiniuliza kama yale usoni kwangu ni macho au ni matundu.

Usitarajie simulizi tamu, rafiki yangu. Watu wakikumbuka utoto wao huona asali tupu. Mimi nikiukumbuka wangu hukasirika, na leo nimeamua kukasirika hadharani.

Kwetu ni milimani, Kenya ya kati, mahali ambapo Julai huwezi kukunja vidole asubuhi. Boma la nyanya liliteremka kutoka barabarani hadi mtoni. Juu kulikuwa na nyumba ya mjomba, ya mawe, yenye mapazia. Katikati lilikuwa jiko la nyanya. Chini kabisa, karibu na mto, ndiko tulikokaa mama na mimi katika nyumba ya mbao, kwa sababu mama hakuolewa, na binti aliyezaa nyumbani hupewa pembe ambayo wageni hawapiti. Lakini hiyo pembe ndiyo iliyokuwa na nduma, magimbi ya kwetu. Majani yake yalinipita kimo, na tope lake lilikuwa baridi hata saa sita mchana. Nilijua kung'oa nduma kabla ya kujua kusoma. Nilijua pia kukata majani ya ng'ombe, yale yanayochana vidole, na kumsikiliza nyanya akikamua ili nijue kwa sauti ya ndoo kama imejaa. Jumapili tulikula nduma na chai ya maziwa, moshi ukituwasha macho, na kwa muda wa kikombe kimoja hakuna aliyegombana na mwenzake.

Sasa nisikilize vizuri, maana kisa chote kimekalia jambo hili. Kwetu majina hayachaguliwi. Mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake, na mabinti vivyo hivyo kwa upande wa nyanya zao. Mama hakuwa na mume, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake. Mjomba alipopata binti, naye akampa jina la mama yake. Mama yao ni mmoja. Basi tukawa wasichana wawili wa jina moja katika boma moja, tumepishana miezi minne, na hakuna kosa lolote hapo.

Tena mwanamume wa kwetu humwita "mama" mtoto yeyote aliyebeba jina la mama yake mzazi. Mjomba alimwita binti yake hivyo tangu akiwa kwenye nepi. "Mama, njoo ule." "Mama, nani amekuliza?" Mimi aliniita wewe. "Wewe, teka maji." "Wewe, ondoka mlangoni." Nilimchukia kwa hilo peke yake, kabla sijajua kuna mengine ya kumchukia.

Nyanya mwenyewe hakuwa mpole, asije mtu akakudanganya. Hakupakua chakula mpaka kila mjukuu aseme amebeba jina la nani, na huyo naye alikuwa wa nani. Ukikosea, mwiko unarudi sufuriani. "Sema kwanza, utakula baadaye." Nilikuwa nikilia kwa njaa huku nikitaja watu waliokufa kabla ya reli. Niliwachukia nao pia.

Halafu tukaingia darasa la kwanza. Mwalimu wetu alifungua daftari la mahudhurio, akaona jina limejirudia, akadhani karani amesinzia. Akachukua rula na kalamu nyekundu, akalikata moja. Jina lililobaki likiitwa, binti wa mjomba aliitikia haraka, maana baba yake alikuwa amemnunulia viatu na viatu humpa mtu sauti. Mimi nilikaa wiki nzima darasani bila kuitwa. Sikupewa kitabu wala maziwa ya shule. Nikamwambia nyanya. Kesho yake saa nne alitokea mlangoni mwa darasa na gambuti zenye tope, panga mkononi, ametoka moja kwa moja kwenye majani ya ng'ombe.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimezaliwa mara mbili. Niandike mara mbili."

"Lakini mama, jina ni moja."

"Na miguu ni mingapi? Wasimamishe hapo mbele, uhesabu miguu."

Mwalimu alitusimamisha, akahesabu kweli, kwa sababu ya lile panga. Minne. Akaandika jina langu upya, chini kabisa ya ukurasa, kwa mwandiko wa hasira. Nyanya hakunipapasa kichwa. Alirudi kwa ng'ombe wake. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, na jioni yake akanipiga kwa kumwaga mchele.

Haya, turudi huku kwenye vioo. Mzee wa uji, ambaye namwita sir, alimfuata binti yake Dubai baada ya kufiwa na mke. Huyo binti ndiye madam wangu. Kazi yangu ni kumpa sir dawa, kumkanda magoti, na kutogusa meza ya kulia chakula, kwa kuwa imejaa karatasi za ukoo wake: nakala za vitabu vya kanisa la Uskoti, orodha za meli, hati za mashamba ya koloni, wosia, na mti wa ukoo wenye upana wa shuka. Alikuwa akiandika kitabu. Siku moja nikimkanda goti aliniambia, "Nyinyi mna bahati. Hamkuhama. Mnajua mlikotoka." Aliniambia mimi, niliyevuka bahari kuja kushika goti lake. Nilimkanda kwa nguvu kidogo kuliko daktari alivyoagiza.

Shujaa wa kitabu chake alikuwa babu mmoja aliyetoka Uskoti mikono mitupu, akamtumikia tajiri miaka kadhaa kulipia nauli ya meli, kisha akajikuta na shamba kubwa la tumbaku kando ya mto. Kwa jasho lake mwenyewe, sir alipenda kusema. Niliuona wosia wa huyo mwenye shamba. Farasi wametajwa kwa majina. Watu weusi wameandikwa mpishi, mfua nguo, msichana wa jikoni. Sir alikuwa akiufunua ukurasa huo upesi, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya msiba ambayo hajaipa pole.

Wakati huohuo kwetu mambo yalikuwa yamechacha. Mama alikuwa ameshakufa, nyanya naye akamfuata. Chifu akaandika orodha ya warithi, na jina letu likaingia mara moja tu. Mjomba akasema hilo ni la binti yake. Pembe ya mtoni, ya mama na nduma zake, ikabaki haina mtu. Siku ya mpimaji wa ardhi ikapangwa. Nilimpigia chifu simu, nikamtumia hata video, akanijibu, "Mimi sigawi shamba kwa simu. Njoo usimame hapa niwaone wawili." Nilimwandikia binti wa mjomba anisemee. Alisoma. Alama mbili za buluu niliziona, jibu sikuliona.

Nikaenda kwa madam. Hakukataa. "Kitabu cha Dad kikienda kwa mchapaji, khalas, unaondoka. Wiki mbili. Yalla, msaidie amalize." Zilibaki siku nne kitabu kiende, na siku kumi mpimaji afike. Nilianza kufunga sanduku.

Sasa niambie, rafiki yangu, ni pepo gani lililonituma kutazama ile meza. Nilikuwa nafuta vumbi kuizunguka. Kwenye ule mti, chini ya baba mmoja wa Uskoti, waliandikwa wavulana wawili wa jina moja, lile la shujaa wa kitabu, wamepishana miaka miwili. Juu ya wa kwanza sir alikuwa ameweka msalaba kwa kalamu nyekundu. Nilimuuliza huyu aliugua nini.

"Hakuna rekodi ya kifo," alisema. "Lakini ni lazima alikufa akiwa mchanga, wakampa wa pili jina lake. Nani awape watoto wawili walio hai jina moja?"

Nilipandisha macho. Baba ya baba na baba ya mama, wote wawili, jina lilelile. Mwana wa kwanza kwa huyu, wa pili kwa yule. Ningeweza kunyamaza. Siku nne tu, na mdomo wangu ungekuwa kwenye ndege. Lakini nilitazama ile kalamu nyekundu na nikawa tena na miaka saba, nimekaa darasani siitwi.

"Sir, huyu hakufa," nikasema. "Amebeba babu wa kuumeni, mdogo wake amebeba babu wa kukeni. Hata Amerika walifika wawili. Mtumishi hajikuti tu na shamba: mwenye shamba ni mmoja na mtumishi ni mwingine."

"Hayo ni mambo ya Afrika."

"Basi na Uskoti walikuwa nayo. Tazama hapo juu."

Madam aliingia akiwa na funguo za gari. "Nani amekuuliza?" akaniambia. "Amefanya kazi hii miaka sita, na wewe unafuta vumbi."

Kesho yake sikumkuta sir kitandani. Alikuwa mezani, uso umemshuka. Alikuwa ameifukua barua ya zamani aliyoipuuza, ambamo mwenye shamba anamtaja ndugu yake mtumishi, kwa jina lao moja, na kumnyima hata ekari. Na sir, ukifuata matawi vizuri, hakuwa wa uzao wa mwenye shamba. Alikuwa wa yule mtumishi aliyenyimwa. Shujaa wake akapasuka katikati, na kitabu kikaanza upya.

Likizo yangu nayo ikafa hapohapo. "Umejiletea mwenyewe," alisema madam. "Siwezi kumwacha peke yake sasa. Mwezi ujao, inshallah." Nilishuka kutupa takataka, nikamkuta askari wa lango, Mkenya mwenzangu, nikamweleza yote nikilia. "Sista, hiyo mdomo yako itakumaliza," akasema. "Si ungeachana tu na huyo mzungu na mababu zake? Si ungeenda home?" Nilimtukana, kwa sababu alisema kweli.

Siku ya mpimaji nilikuwa sebuleni nikimkata sir kucha, miguu yake miwili imelala mapajani mwangu. Kule kwetu chifu alihesabu miguu miwili akafunga daftari. Sasa nduma zimefukiwa kwa mawe na kifusi, na nyumba za kupangisha zinapanda pale tulipolala mama na mimi. Jiko la nyanya limebomolewa. Mwalimu amekufa, ng'ombe waliuzwa. Hakuna tena anayemtaka mtoto ataje mtu yeyote kabla ya kula, na wale wafu niliowachukia ninawataja mwenyewe jikoni kwa madam, nikisubiri maji yachemke.

Mjomba alinipigia baadaye. "Mama," alisema, kwa sauti laini sana. "Mama, usikasirike. Ni mambo ya karatasi tu."

Neno hilo nililisubiri tangu nikiwa mtoto wa kuteka maji, naye alilitoa siku ambayo halikumgharimu chochote.

"Mama yako ni mmoja, ndivyo ulivyomwambia chifu," nikamjibu. "Mimi niite wewe." Nikakata simu. Sijapokea nyingine yake.

Kitabu cha sir kilikwisha. Wale wavulana wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja na tawi lake, msalaba umeondoka. Sir alinionyesha ukurasa ule wakati ungali kwenye kompyuta, ili nifurahi. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kisha akasema anataka kunishukuru mwanzoni mwa kitabu, nimtajie jina langu. Nilimtajia lile la nyanya, herufi kwa herufi.

"Liandike mara mbili," nikamwambia. Nikamweleza kwa nini. Kwa mara ya kwanza alinisikiliza bila kutazama karatasi, akaliandika mara mbili, nami nilimwona kwa macho yangu.

Jana vitabu vilifika ndani ya boksi. Nilikata utepe wa gundi kwa kisu cha jikoni, nikafungua ukurasa wa shukrani kabla ya sir mwenyewe. Jina lipo. Mara moja.

"Ah, hilo," sir alisema. "Mchapaji alidhani ni kosa, akafuta moja."

Nikamuuliza ni lipi alilofuta. Sir akacheka, akidhani namtania.