Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Boksi

Siku ya kwanza kazini niliagizwa kupika uji, nikakasirika. Nilikuwa nimevaa kikwembe kipya cha kitenge, diploma yangu imo mkobani, nikidhani nakwenda kufundisha. Kituo chetu kilikuwa mtaani Ruashi, pembeni mwa mji wetu wa migodi, chumba kimoja nyuma ya shule, ambamo watoto walibaki baada ya masomo hadi wazazi wao watoke mgodini au sokoni. Mkuu wetu, tuliyemwita Mama Diretrisi, akanikabidhi sufuria na unga wa mahindi. Kumbe uji ule ulikuwa gundi ya kazi za mikono za watoto. Unakoroga unga kwa maji baridi kwanza, ndipo unautia katika maji yanayochemka, na mwiko usipumzike. Chumvi kidogo huufanya usichache upesi. Wangu ulijaa madonge. Mama Diretrisi akaupokea, akauchuja kwa kitambaa.

Ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikaota mvi: monitrisi, yaani mlezi wa watoto baada ya shule. Vifaa vyetu vilikuwa maboksi ya sabuni, vifuniko vya chupa, waya, na vipande vya vitambaa tulivyopewa na fundi cherehani mmoja, mzee wa asili ya Maniema, ambaye alituwekea vile vya rangi nzuri kabisa. Mama Diretrisi alijua mambo ambayo diploma yangu haikuyajua. Boksi halikunjwi hivi hivi. Kwanza unapitisha mgongo wa kijiko juu ya mstari, ndipo linakubali. Mkasi wa mtoto uwe na ncha butu, na anayekata hageuzi mkasi, anageuza karatasi. Nilimheshimu mno mama yule. Hata leo nikishika mkasi namkumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza ulipokaribia kwisha, tulialika wazazi waje kuona kazi za watoto. Siku moja kabla, watoto walipokwisha kuondoka, nilibaki peke yangu nikitazama meza. Nyumba za boksi zimepinda, mapaa yameinama kama walevi. Nikaona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu, si ya watoto. Nikanyoosha kuta, nikasawazisha mapaa. Nyumba ya Kapinga, msichana wa miaka sita, ilikuwa na milango miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, na huo wa nyuma umekatwa vibaya. Nikauziba kwa karatasi. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Kesho yake Kapinga alifika amemshika baba yake mkono. Baba huyo alifanya kazi zamu ya usiku mgodini, na hatukuwahi kumwona kituoni. Siku hiyo aliacha usingizi wake kwa ajili ya nyumba aliyosimuliwa juma zima. Mtoto akaizunguka meza mara moja, mara mbili. Akainama kuchungulia chini yake.

"Papa, nyumba yangu haiko hapa."

Nikamwonyesha. Akakataa. "Hii haiko yangu. Yangu iko na mulango ya papa kule nyuma, juu ya kuingia asubui bila kuamusha mutoto wetu mudogo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Diretrisi alikuwa amesimama karibu, na alikwisha kuelewa yote. Nilidhani atanifukuza pale pale, mbele ya wazazi. Badala yake aliniinamia sikioni.

"Umuambie weye mwenyewe. Mukono ya mukubwa ikiingia mu kazi ya mutoto, mutoto anatoka."

Nikapiga magoti mbele ya Kapinga. "Ni miye njo nilifunga mulango ya papa yako. Nilikosa. Unisamehe."

Kapinga alinyoosha mkono apewe mkasi. Baba yake akaketi kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakimfika kidevuni, akangoja. Mlango ukakatwa upya, umepinda kuliko wa kwanza, na baba akaondoka ameikumbatia nyumba ile kifuani.

Tangu hapo Mama Diretrisi alinishikisha desturi yake. Mtoto akihangaika, monitrisi anaweka mikono nyuma, anangoja. Mtoto akiomba msaada, monitrisi anachukua boksi lake mwenyewe, analikunja polepole pembeni ili mtoto atazame. Mwenye haraka atateseka sana, nami niliteseka. Niliibeba desturi hiyo hadi kituo cha katikati ya mji, kwa watoto wa watu wa ofisi, kisha kile cha mtaa wa Kasapa, ambako nami nilifanywa diretrisi na nikawaudhi wasichana wenye diploma kwa kuwapikisha uji.

Sasa nimestaafu, na mikono yangu inatetemeka. Alhamisi huwa napita Kasapa kuwasalimia. Wiki iliyopita niliketi na watoto nikate duara la boksi, mkasi ukawa unaniponyoka. Msichana mmoja mdogo kando yangu alinitazama kwa huruma, vidole vyake vikiutaka ule mkasi. Kisha akaweka mikono nyuma, akaningoja mpaka nikamaliza.