Gari la Kumpeleka Mama Ileje

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ubishi wangu unajulikana katika mji wetu wote wa Mpemba. Nikishasema kwamba jambo nitalifanya mwenyewe, mume wangu huacha kubishana nami, akaenda zake kuosha vyombo. Kwa hiyo siku gari letu lilipochemsha kwenye milima ya kwenda Ileje, mama yangu mzazi akiwa ndani, nilitangaza palepale barabarani kwamba hakuna fundi atakayeligusa ila mimi. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huahidi mengi.

Lilikuwa gari dogo kuukuu, rangi ya maziwa, tulilouziwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa. Miaka miwili ya kwanza nililipeleka kwa mafundi. Kila fundi alitengeneza kimoja akaacha kingine kimelegea, na aliyefuata alianza kwa kumtukana aliyetangulia. Siku moja nilimwona kijana mmoja akikaza nati kwa kuigonga na jiwe. Nililichukua gari langu nikaenda nalo nyumbani. Mume wangu ni dereva wa lori la kwenda Lusaka, na spana zake za ziada zilikuwa zimejaa uvunguni mwa kitanda. Nikaanza na kubadilisha oili, nikaja plagi, nikaja breki. Yeye alinifundisha kwa simu akiwa kwenye foleni ya mpakani, ambako dereva ana muda wa kufundisha hata udaktari.

Sitaki kudanganya, niliipenda kazi ile. Nati iliyokataa siku nzima inapolegea, kuna furaha fulani inapanda toka mkononi hadi usoni. Kila Jumamosi nilivaa suruali kuukuu ya mume wangu, nikatandika kiroba chini, nikalala chali chini ya gari na kuimba nyimbo za kwaya. Jirani yangu, mwanamke wa Tanga anayeuza mchele mpakani, alikuwa akiniona hivyo anakata matawi ya mparachichi wake, anakuja kuyapanga getini kwangu, kama madereva wanavyoweka majani barabarani lori likiharibika.

"Natahadharisha wapitao, jirani," alisema. "Hapa pana mtu kaharibika."

Sasa nieleze habari ya mama. Mama anaishi Ihanda, kwenye nyumba ileile tuliyokulia. Dada yake, mama mkubwa wangu, aliolewa Ileje. Walikuwa hawajaonana miaka minne. Mara ya mwisho walikutana msibani, na kabla ya kuagana walinunua vitenge vya sare, vya bluu vyenye tausi wa njano, wakaahidiana kuvivaa siku watakayokutana tena kwa heri. Baada ya hapo magoti ya mama yakaanza kugoma. Hawezi kupanda ngazi ya basi, na njiani lazima ashuke kila baada ya muda ajinyooshe. Mama mkubwa naye hali yake ilikuwa hiyohiyo. Walibaki kupigiana simu, kila mmoja akipiga kelele kama anataka sauti ifike bila msaada wa simu.

Mume wangu alijitolea kukodi gari zuri. Mama akakataa. "Gari la kukodi halijui kusubiri," alisema. "Nitakwenda na la mwanangu." Nilivimba kichwa, nakiri.

Tulipanga kwenda Oktoba, shule ikiwa na mapumziko mafupi. Mama mkubwa akatenga jogoo. Nilipomfuata mama Ihanda asubuhi, alikuwa amekaa mlangoni na mzigo wa maharage na kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Nikaona amevaa kitenge kingine. Nilimwuliza sare iko wapi.

"Iko kazini," alinijibu. "Nitaivaa tukifika."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu, nikapakia mzigo. Tulirudi hadi Mpemba, tukakunja kushika barabara ya Ileje. Tambarare gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nilipunguza mwendo, ukazidi. Kilima cha tatu boneti likatoa moshi mweupe, nikasimama pembeni.

Tulikaa pale kwa saa mbili tukisubiri lipoe. Jua lilikuwa kali. Nilipojaza maji nikajaribu tena, hatukumaliza hata kona mbili. Ikabidi tugeuze, tushuke. Pale Ihanda mama alishuka polepole, akajishika mlangoni, akasema bila kunitazama, "Mwambie dada tutaonana mbinguni."

Hakusema kwa kunilaumu. Aliyasema kama mtu anayekunja nguo na kuiweka sandukuni. Nililia njia nzima ya kurudi, na aliyefurahi siku ile ni jogoo peke yake.

Nikaomba majuma mawili. Nilimpigia mama mkubwa nikamwambia asubiri, nikampigia mama nikamwambia Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda. Aliitikia tu, "Haya." Ilikuwa ile haya ya kumridhisha mtoto.

Nilianza na rejeta. Nilifungulia maji yote chini, yakatoka mekundu ya kutu, nikaingiza mpira wa bustani na kuisuuza hadi yakatoka meupe. Nikabadilisha kifuniko. Nikabadilisha mpira wa juu, ambao kweli ulikuwa umepasuka kidogo, nikaruka kwa furaha nikidhani nimemkamata mwizi. Nililiwasha gari pale uani, nikaliacha lingurume. Mshale ukapanda.

Mume wangu, kwa simu, akasema nitazame themostati. Ni kidude kidogo kama kizibo, kinachofungua njia ya maji injini ikipata moto. Kikigoma kufunguka, maji hayazunguki. Alinielekeza namna ya kukipima: kichemshe, uone kama kinafunguka. Nilikitoa, nikachukua sufuria, nikabandika jikoni. Nilikuwa nimeinamia sufuria na mwiko mkononi, jirani akaingia.

Alichungulia. Akanitazama usoni, akachungulia tena.

"Jirani, mumeo akirudi unampa hicho?"

"Bado hakijaiva," nilimwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alibaki, tukawa tunakitazama wote wawili, vichwa vimegusana juu ya mvuke. Kilifunguka kidogo tu, upande mmoja, kikagoma. Tulipiga makofi kana kwamba ni timu yetu imefunga. Kesho yake nilivuka mpaka kwenda Nakonde kutafuta kipya. Muuza vipuri wa kule alinisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mayo?" nikamjibu "Bwino" kwa lafudhi yangu ya Kinyiha, akafurahi akanipa na kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, galoni moja kwa bei ya rafiki. Nilirudi nimeshika themostati kama mtu aliyebeba yai.

Niliifunga Ijumaa mchana, siku moja kabla ya safari. Nikajaza kulanti, nikatoa hewa kama nilivyofundishwa, nikawasha. Nikakaa kwenye usukani nikiutazama ule mshale. Ulifika katikati, ukatulia. Nikaanza kuimba. Ukanyanyuka tena.

Nilizima. Nilitoka nikalipiga teke tairi, nikaumia kidole. Mume wangu alipiga simu akiwa foleni upande wa Zambia. "Mwalimu," alisema kwa upole, "labda sasa tumwite fundi." Nilimkatia simu. Sikuwa na hasira naye. Nilimwona tu mama pale mlangoni na mzigo wake wa maharage, akisubiri kitu ambacho alikuwa ameshaacha kukitegemea.

Saa kumi jioni mama mwenyewe akapiga. Nikamwamkia.

"Marahaba. Niambie, mwanangu. Kesho ipo, au haipo?"

"Mama, sijui. Gari bado lina homa."

Akasema, "Basi kama haipo, uniletee kitenge changu. Kama haliendi, kinakaa humo kufanya nini?"

"Kitenge gani?"

"Kile cha sare. Si nililivalisha gari wakati wa baridi?"

Nilisimama. "Umelivalisha wapi, mama?"

"Kifuani! Pale mwenzako anapoweka boksi kwenye lori lake."

Hapo nikakumbuka. Mwezi wa sita baridi ya Mbozi inapokaza, mume wangu, kama madereva wengi wa huku, huweka boksi mbele ya rejeta ya lori ili injini isipigwe na upepo wa baridi. Alipita Ihanda siku moja kumsalimia mkwewe, mama akamwuliza lile boksi la nini. Akamwambia, "Ni koti lake, mama." Juma lililofuata nililala kwa mama, na asubuhi gari likagoma kuwaka. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe. Niliacha boneti wazi, nikaingia jikoni kuchemsha maji ya kuvioshea. Mama alibaki nje peke yake na gari.

"Lilikuwa linatetemeka," aliniambia sasa. "Nilikikunja mara nne, nikakishusha pale mbele, kikakaa vizuri. Ulipotoka na maji yako likawaka hapohapo. Wewe ulifikiri ni maji."

Niliiacha simu ikiwa wazi juu ya boneti. Shoo ya mbele, yaani ule wavu wa plastiki, sikuwahi kuifungua, kwa sababu vishikio vyake vilivunjika zamani na nilikuwa nimeufunga kwa waya. Niliukata waya. Kilikuwa pale, kimekunjwa mara nne, kimebanwa kwenye rejeta kutoka upande mmoja hadi wa pili, cheusi kwa vumbi. Nilikivuta. Kwenye pindo la ndani tausi mmoja wa njano alikuwa bado anang'aa.

Nilianza kucheka. Nilikaa chini kwenye kiroba changu nikacheka huku machozi yananitoka, na mama kwenye simu akipiga kelele, "Kipo? Kipo?"

"Kipo, mama. Ndicho kilicholipandisha homa! Mwezi wa sita lilihitaji koti. Sasa ni Oktoba, na bado limevaa!"

Niliogopa atajilaumu. Kisha nikasikia kicheko chake, kile cha zamani, cha kukosa pumzi.

"Kumbe lilivaa kupita kiasi," alisema. "Basi livue, twende."

Niliwasha gari bila shoo. Nusu saa nzima mshale ulikaa katikati, umetulia tuli. Nilimpigia mume wangu kumwomba radhi na kumsimulia. Alicheka mpaka foleni ikasogea bila yeye kujua, nikasikia malori ya nyuma yanampigia honi. "Kosa ni langu," alisema alipoweza kusema. "Mimi ndiye niliyesema koti."

Kitenge nilikifua mara tatu. Vumbi lilitoka, lakini rejeta ilikuwa imekichora mistari myembamba ya kahawia ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuitoa. Nilikianika upenuni, asubuhi nikakipiga pasi. Nilipotoka getini, jirani alikuwa anayaondoa matawi yake ya mparachichi mwenyewe.

"Njia nyeupe," alisema, akanirushia busu.

Mama alikivaa kitenge bila kukikagua. Tulipofika kwenye kile kilima cha tatu, aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo. "Haya, mwanangu, polepole," alisema, na nilipogeuka nikaona kwamba hasemi na mimi. Gari lilipanda. Mshale haukusogea hata unywele. Tulipomaliza kona ya mwisho mama alianza wimbo, nami nikaitikia kwa nguvu zote, madirisha wazi, hewa baridi ya Ileje ikiingia na harufu ya miti.

Mama mkubwa alikuwa amesimama njiani na fimbo yake, mbali kabisa na nyumba, amevaa tausi wake wa bluu na njano, wapya kama siku walivyonunuliwa. Sikuwahi kumwona mama akishuka kwenye gari upesi namna ile. Walishikana mikono kwanza, kama wageni, wakaamkiana kwa adabu zote. Kisha wakakumbatiana, wakaanza kusema Kinyiha wote kwa pamoja, haraka kiasi kwamba nilishindwa kufuata, nikajifanya nakagua maji kwenye rejeta ili nifute macho.

Walipoachana, mama mkubwa alishika pindo la kitenge cha mama. Akalilinganisha na lake.

"Mdogo wangu, tulinunua siku moja. Mbona chako kimepigwa mistari?"

"Nililiazimisha gari, dada," mama alisema. "Lilikuwa linasikia baridi, nami nilikuwa nataka kukuona."