Fundo Moja Nyekundu, Mawili Kijani

Kisanduku cha fyuzi cha pikipiki kilimmegukia fundi mkononi kama biskuti kavu. Alikuwa amekigusa tu kwa ncha ya bisibisi, plastiki ikaporomoka, na vile vibanio vya shaba vilivyokuwa vikishika fyuzi za kioo vikabaki vinaning'inia, vimeliwa na kutu ya kijani.

"Huyu alishakufa zamani, Mwalimu," fundi akasema. "Alikuwa anangoja mtu wa kumzika tu."

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa stoo, magoti pamoja, mikono mapajani, kama aliyekuja kusimamia mtihani. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, na ujane wake ulikuwa unaingia mwaka wa tisa. Watu wote walimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha. Huyu fundi alimfundisha. Pamoja na kitambi chake na watoto wake wanne, kila alipomwona Mwalimu bado alikuwa anaficha mikono nyuma.

"Usitie shaka," fundi akaendelea. "Kisanduku kipya ninacho. Hiki cha siku hizi, fyuzi zake bapa, za kuchomeka. Naunganisha mawaya..."

"Nyaya."

"Naunganisha nyaya, Mwalimu, na kabla ya saa kumi bibi harusi huyu atanguruma."

Mjukuu wa Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mkunga, ndiyo kwanza amehitimu, na amepangiwa zahanati moja ya mbali ambako gari hufika likipenda. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, na pikipiki ya marehemu babu yake ndiyo ingekuwa miguu yake.

"Umesikia, mke mwenzangu?" akamwambia bibi yake. "Mume wetu anafufuka."

"Akifufuka ataanza na mkubwa. Wewe mdogo kaa foleni."

Fundi akacheka na kuinama tena. Alikuwa ameshachomoa waya wa hasi kwenye betri kabla ya kugusa kitu kingine, na Mwalimu aliliona hilo akampa maksi zake kimoyomoyo. Mumewe naye alianzia hapo siku zote. "Hasi kwanza," alikuwa akisema. "Ukiuondoa huo, umeme haujui njia ya kurudi kwao."

Fundi akalivuta tita la nyaya kutoka chini ya kiti cha pikipiki, akalifuta kwa kitambaa. Alifuta, akafuta tena. Nyaya zote zilikuwa rangi moja, rangi ya chungu cha zamani: mafuta, joto na miaka vilikuwa vimeimeza kila rangi. Kisha akakunja uso.

"Mwalimu, hivi ni nini? Vifundo! Uzi wa kushonea viatu, kila waya na chake. Huu una kimoja, huu vitatu." Akaanza kucheka, tumbo likimtikisika. "Ama kweli marehemu Fundi Honi alikuwa na mambo yake! Mtu kafungafunga tu. Nisamehe, lakini hii ni kazi ya kubahatisha. Dawa yake ni kukata zote, tuagize tita jipya, toka taa ya mbele mpaka ya nyuma."

"Linachukua muda gani kufika?" mjukuu akauliza.

"Wiki. Wiki mbili."

"Mimi naripoti Jumatatu, fundi!"

Mwalimu hakuwa amesikia habari ya wiki. Alikuwa amesikia maneno mawili tu, Honi na kubahatisha, na yote mawili yalimchoma. "Katika nyumba hii," akasema polepole, "jina la Honi halitumiki."

"Samahani, Mwalimu. Mji mzima unamwita hivyo."

"Mji mzima unasema mawaya pia."

Fundi akaona heri aende kutafuta koleo la kukatia. Mkoba wake ulikuwa nje, umening'inia kwenye usukani wa pikipiki yake, na kwa muda aliokuwa akiupekua, Mwalimu alibaki akitazama vile vifundo. Vilikuwa vidogo, vimekazwa sawasawa, na vichwa vyao vyote vilielekea upande mmoja. Vidole vyake vilivijua kabla ya macho.

Walipooana, yeye alikuwa na cheti cha ualimu, mume ana boksi la spana. Kaka yake hakulificha lililomkera. "Umesoma kote huko," alimwambia, "uje kufua ovaroli?" Mwalimu aliinua kidevu akaolewa, na tangu siku hiyo akajiwekea nadhiri kwamba hakuna mtu wa ukoo wake atakayepata la kusema juu ya mume huyo.

Mwezi wa tatu wa ndoa, mume alirudi kutoka kazini na gauni limefungwa kwenye gazeti. "Nilijua unapenda nyekundu," akasema. Gauni lilikuwa kijani kama jani la mgomba. Mwalimu alicheka akidhani ni utani, mpaka alipouona uso wa mumewe. Kumbe nyekundu, kijani na kahawia kwake zilikuwa kitu kimoja, na yeye ndiye fundi wa umeme wa pikipiki. Miaka yote alikuwa akipima kila waya kwa taa ndogo ya betri, mmoja mmoja, kazi ya saa moja ikimla siku nzima, na kwa wateja anasingizia kwamba hapendi haraka. Nani angemletea pikipiki yake mtu wa namna hiyo kama angejua?

Basi likaanza jambo lao. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mume alileta chumbani kikapu kilichofunikwa kitambaa, ndani yake tita la nyaya za mteja. Mlango ukafungwa kwa komeo. Mke alisoma rangi, akafunga uzi: fundo moja nyekundu, mawili kijani, matatu kahawia. Nyingine zote, buluu, njano na nyeupe, mume aliziona mwenyewe. Jumatatu alifunga nyaya pikipikini haraka kuliko fundi yeyote, kisha akakata nyuzi zote asiache ushahidi. Pikipiki yake tu ndiyo aliyoiacha na vifundo vyake.

Majirani walipouona mlango umefungwa kila Jumapili mchana, walichekeana chini kwa chini, na sifa za mapenzi ya nyumba ile zikaenea. Mwalimu hakuzikanusha. Uvumi ule haukuharibu jina la mtu. Na kama angeulizwa leo ni lini alipokuwa na furaha kuliko siku zote, angetaja saa zile: mume ameshika nyaya kama mtu aliyeshika sufi, mke anafunga, wanazungumza habari za watoto, za bati linalovuja, za mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Humo ndimo mumewe alimomwambia kwamba fyuzi ni kama mkwe mwema. "Husikia yote, huungua peke yake, wala halalamiki."

Fundi akarudi na koleo. Akaushika waya wa kwanza, akaupanua mdomo wa koleo.

Akinyamaza, mumewe angebaki kwenye midomo ya mafundi kama mtu aliyefungafunga tu. Akisema, siri aliyoilinda miaka arobaini ingekwenda mjini jioni hiyohiyo juu ya kitambi kile.

"Acha!" akasema. Ilikuwa ile sauti ya darasani, na fundi akaweka koleo chini kabla hajafikiri. "Huo ulioushika una mafundo mangapi?"

"Moja, Mwalimu."

"Basi ni nyekundu. Unatoka kwenye betri. Mawili ni kijani, taa ya breki. Matatu ni kahawia, honi. Mume wangu hakuwa mtu wa kubahatisha. Rangi hizo tatu hakuziona. Alizaliwa hivyo."

Mjukuu akajipiga paja. "Bibi! Ndiyo maana babu alikuwa ananiuliza nyanya ipi imeiva! Mimi nilidhani ananifundisha!"

Fundi alichukua wembe, akaukwangua taratibu waya wenye fundo moja. Chini ya masizi pakatokea mstari mwembamba, mwekundu. Akakwangua wenye mawili, kijani. Akakwangua wenye matatu. Kisha akaketi chini sakafuni, mzimamzima.

"Mwalimu, angetegemea rangi kama sisi tunavyozitegemea, leo mimi ningekuwa napapasa kama kipofu. Rangi zimekufa zote. Huyu mzee hakufungafunga. Huyu aliandika."

"Aliyeandika ni mimi," Mwalimu akasema. Lilimtoka, na lilipotoka likavuta lenzake. "Na mwandishi naye hukosea. Hilo jina la Honi, unajua lilitoka wapi?"

"Si ile pikipiki ya mkaguzi wa shule? Nilikuwepo, Mwalimu. Nilikuwa mstarini."

Watoto wote wa shule walikuwepo. Mkaguzi aliingia uwanjani asubuhi ya Jumanne, wanafunzi wamepanga mistari, walimu wako barazani. Akakanyaga breki, honi ikalia kama ng'ombe anayechinjwa. Mbuzi walikuwa njiani. Akabonyeza honi kuwafukuza, honi ikawa kimya, taa nyekundu ya nyuma ikawaka. Shule nzima iliangua kicheko.

"Jumamosi iliyotangulia kaka yangu alikuja," Mwalimu akasema, "akarudia yale ya ovaroli. Hasira zangu nikazimalizia kwa mume. Jumapili nilifunga vile vifundo bila kutazama vizuri, huku nanuna. Kwenye mawili nikaweka matatu, kwenye matatu mawili."

"Kumbe!"

"Mume wangu akaitwa pale uwanjani. Mkaguzi akamuuliza mbele ya watu, 'Fundi gani wewe?' Akajibu, 'Fundi aliyekosea, bwana.' Hakuinua macho kutazama barazani. Na mimi pale barazani..." Akakunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Nilicheka na wenzangu. Ili wasinijue."

Mjukuu aliinuka kwenye ndoo, akaja kuchuchumaa karibu na kiti cha bibi yake. Hakufanya utani.

"Nyumbani alikusema?" akauliza.

"Alisema ataninunulia kibao cha kuhesabia. Basi. Hakulirudia tena. Wakamwita Honi miaka ishirini na sita, naye anaitika, hata kwa watoto wadogo."

Miaka yote Mwalimu alilikataza jina lile nyumbani akisema linamvunjia mumewe heshima. Aibu haikuwa ya mumewe.

Fundi akajikohoza. "Kibao cha kuhesabia hatuna," akasema. "Lakini saa kumi inakaribia. Nisomee, Mwalimu."

Mwalimu akavuta kiti karibu. Vidole vilivyozoea chaki vikapita kwenye nyaya nyeusi, mmoja mmoja.

"Moja."

"Nyekundu. Hii inaingia juu, fyuzi kubwa." Fundi akamenya ncha, akavika kichwa cha shaba, akakibana kwa koleo, akauvuta waya kuhakikisha hautoki.

"Matatu."

"Kahawia. Honi."

"Ngoja nihesabu tena," Mwalimu akasema, akahesabu mara mbili. "Matatu."

Waliendelea hivyo mpaka kisanduku kipya kikakaa mahali pake, mfuniko ukalia kwa mlio mdogo wa kufunga. Fundi akauliza kama azikate nyuzi, sasa kwa vile kazi imekwisha.

"Ziache."

Hasi ikarudishwa kwenye betri. Mjukuu akakanyaga breki, na wote watatu wakainama nyuma kutazama. Taa ikawaka, wala hakuna kilicholia. Fundi akapiga teke la kuwashia mara moja, mbili. Mara ya tano injini ikakohoa moshi wa miaka tisa, ikashika.

"Mawaya yanafanya kazi!" fundi akapiga kelele.

Mwalimu hakumsahihisha.

Mjukuu alivaa kofia, akatoka nayo uani hadi barabarani, taratibu kwanza, kisha kwa mbwembwe. Alipopita ukuta wa jirani akabonyeza honi, sauti ileile nene ya zamani. Dirisha la jirani likafunguka kwa kishindo, na mwanamke wa makamo ya Mwalimu akatoa kichwa.

"Mwalimu wee! Moyo umenipasuka! Nimedhani Fundi Honi karudi!"

Fundi aliinamisha kichwa kwenye mkoba wake, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwalimu alisimama mlangoni, ameshika ncha ya mtandio.

"Ndiye huyo, shoga!" akajibu kwa sauti. "Na leo breki hakuigusa!"