Baruti Isiyo na Kopo Lake

Mwaka ambao baruti iliadimika Johannesburg, mimi ndiye niliyekuwa nasimama nyuma ya kaunta nikiwaambia watu haipo. Nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya uwindaji huko Kensington. Rafu ya makopo ya baruti ilikuwa mgongoni kwangu, tupu, na nilikuwa nimeipangusa vumbi mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Kila mteja alikuja na sababu yake: kiwanda kimesimama, meli imekwama, vita vya mbali vinameza kila kitu. Mimi nilikuwa na shida yangu. Baruti niliyokuwa nikijazia risasi zangu kwa miaka mitatu ilibaki ya kufunika kitako cha kopo tu, na baada ya wiki tatu klabu yetu ya shabaha ingechagua watu wanne wa kwenda kushindana na majimbo mengine. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Anayejaza risasi mwenyewe huokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyasafisha, hutia fataki mpya kitakoni, hupima baruti, kisha huchomeka kichwa cha risasi juu yake. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma vitabu vya dukani mchana ambao hakuna wateja, nikanakili, nikakosea, nikanakili upya. Mama yangu ni mshonaji, alinileta kutoka Tanga nikiwa mtoto, na alinipa nusu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Kila kipimo nilikipima mara tatu. Mama alisema ni wasiwasi uleule wa watu wanaotawadha na kutawadha tena mpaka swala inawapita. Hakukosea. Nimewahi kufika robot ya tatu, taa za barabarani kama zinavyoitwa huku, nikarudi nyumbani kuangalia kama mizani nimeifunika.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa Lubumbashi, mkufunzi wa walinzi, mkazi wa Rosettenville. Katika klabu nzima ni yeye na mimi tu tuliojua Kiswahili, yeye cha Kongo na mimi cha Tanga, kwa hiyo nilimwita Papa na yeye aliniita mama, na wengine walikisia tunachosema. Jumamosi moja aliweka juu ya boneti ya pikapu yake chupa kubwa ya siagi ya karanga. Ndani hamkuwa na siagi. Mlikuwa na baruti.

“Chukua, mama. Hii itakusaidia.”

“Ni ipi, Papa?”

“Jirani ya yako.” Akanionyesha kwenye simu ile orodha inayozipanga baruti kuanzia iwakayo haraka hadi iwakayo polepole. “Yako iko hapa. Hii iko pale juu yake. Tia kipimo kile kile, piga.”

“Kopo lake liko wapi?”

“Unataka kupiga shabaha ao unataka kupiga kopo?”

Wawili waliokuwa karibu walicheka ingawa hawakuelewa neno.

Sikucheka, na si kwa sababu nilikuwa mjanja kuliko nahodha. Kosa lile nilikuwa nimelifanya mwenyewe Jumatatu ya wiki ileile. Niliifungua orodha hiyohiyo, nikamchukua jirani wa baruti yangu, nikaandika daftarini kipimo changu cha siku zote, nikakipigia na mstari kwa rula. Kilichoniokoa ni wasiwasi: nilifungua kitabu kuhakikisha, nikakuta kipimo cha juu kabisa cha jirani yule kiko chini ya nilichoandika; ningekitumia, bunduki ingeweza kunipasukia usoni. Orodha ile ni kama foleni. Inakwambia nani yuko mbele ya nani. Haikwambii mmoja ameachana na mwenzake hatua moja au kumi, wala haijui bunduki yako. Niliichana karatasi ile nikiwa bado sijagusa hata punje moja.

Basi chupa niliiacha juu ya boneti.

Siku tatu baadaye duka lilipata boksi moja la baruti ambayo watu hawaipendi, kwa kuwa inaacha masizi mengi na inasukuma risasi polepole. Lakini ilikuwa kwenye makopo yake yaliyofungwa, na kitabu kilikuwa na ukurasa wake kwa kichwa cha risasi ninachotumia. Nilinunua kopo moja. Nikaanzia kipimo cha chini kabisa, risasi tano, nikapanda kidogo, tano nyingine, na baada ya kila mlio nililitazama ganda, kuona kama baruti imezidi, kama daktari anayetazama ulimi.

Mashimo ya mwanzo yalitawanyika karatasi nzima.

“Mama,” nahodha akasema akiwa amejiegemeza kwenye pikapu, “unajaza risasi ao unapika mboga? Tia chumvi.”

“Natia, Papa. Naonja kwanza.”

Kwenye hatua ya nne mashimo yalikusanyika. Kitabu kiliniruhusu kupanda zaidi. Niliishia pale.

Siku ya uchaguzi upepo ulitoka kushoto na risasi zangu, kwa kuwa zilienda polepole, zilisukumwa zaidi kuliko za wengine. Nilikuwa wa tano. Wa nne alikuwa kijana wa duka la matairi, mmoja wa waliokubali baruti ya kwenye chupa. Hakuna kilicholipuka. Komeo la bunduki yake, ambalo hukwama baruti ikizidi, lilifunguka vizuri kila mara na shabaha yake ilikuwa safi. Nakiri kwamba kila alipofyatua nilitega sikio. Sikutaka aumie, lakini nilitaka kuonekana nilikuwa sahihi, na siku ile sikuweza kuyatenganisha yale mawili. Sikuonekana sahihi.

Jumanne iliyofuata mmoja wa wale wanne alinyimwa ruhusa kazini. Jumamosi nahodha aliniita kando, daftari mkononi.

“Nafasi ni yako. Lakini wote wanne tupige baruti moja. Nataka kusoma upepo mara moja kwa wote.”

“Niambie jina la ile ya kwenye chupa, Papa. Na nani aliimimina humo.”

“Rafiki alinipa. Ni mutu muzuri.”

“Simkatai yeye. Nakataa baruti yake.”

“Wenzako wameipiga. Wako wazima, wanakula, wanalala.”

“Nimewaona.”

“Basi watu watasema uliogopa.”

“Waambie ni kweli. Niliogopa, na nafasi nimeiacha mwenyewe, hukuninyima wewe.”

Alifungua daftari polepole, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake abadili nia. Machozi yalikuwa karibu, ila sikuyaficha wala sikugeuka. Akaandika jina la aliyekuwa wa sita. Nilibaki pale pale mpaka kalamu ikasimama, kisha nikaenda kwenye mstari, nikalala kifudifudi na kuendelea na mazoezi.