Bi Mkasi Amchagua Mbishi Wake

Fundi cherehani yule alijulikana mtaa mzima kwa jina la Bi Mkasi, wala si kwa sababu ya kukata vitambaa tu. Ulimi wake nao ulikuwa na makali. Aliyeyaonja kuliko wote ni mkwe wake, mke wa mwanawe, binti wa watu asiyekubali kushindwa kwa maneno. Wakianza kubishana juu ya chumvi, mchuzi hupoa mezani.

Siku moja Bi Mkasi alimshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kulia. Watu wakacheka. Alipoanza kupotea njia akitoka sokoni, hakuna aliyecheka tena. Mkwe ndiye aliyemkokota hadi hospitali.

"Ni ugonjwa wa kusahau, lakini uko mwanzoni," daktari akamwambia. "Mama, bado unaweza kuamua mwenyewe. Panga mambo yako sasa."

Kutwa nzima Bi Mkasi hakubishana na mtu, jambo lililowatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha akamwita wakili nyumbani. Wakili akaomba kwanza abaki naye peke yake, ahakikishe mama hashurutishwi na mtu. Familia ilipoitwa ndani, mwanawe wa pekee alijiweka sawa kitini, akijua jukumu ni lake.

"Siku nikishindwa kuamua," Bi Mkasi akasema, "ataniamulia mkeo."

"Mama! Na mimi mwanao wa kuzaa?"

"Nakupenda, baba. Lakini wewe bendera fuata upepo. Nikisema nataka kulala juu ya paa, utaleta ngazi. Huyu atanikatalia."

Mwana akainama, kisha akaangua kicheko. Ukweli ni ukweli. Mkwe yeye alikuwa analia.

"Mbona hukuwahi kuniambia kwamba unaniamini?"

"Ungevimba kichwa."

Akaeleza matakwa yake. Alelewe nyumbani maadamu inawezekana. Wakizidiwa, watafute msaidizi bila kuona haya. "Na nikiwaita kwa majina ya marehemu, itikeni tu."

Mwaka uliofuata akaunguza meza kwa pasi, mkwe akaificha pasi hiyo. Bi Mkasi akafoka, "Nani kampa huyu mamlaka ya kunitawala?"

"Wewe mwenyewe, mama."

Akafikiri. "Basi siku hiyo nilikuwa na akili."

Mwana naye alipata kazi yake. Jioni humtembeza mamaye mtaani, wameshikana mikono, akimtajia nani anakaa nyumba ipi, na mama huwasalimu majirani wake wa miaka yote kwa furaha ya mtu anayekutana nao mara ya kwanza.