Vilima Peke Yake, Mabonde Peke Yake

Nimefundisha hesabu chuoni miaka mingi, na kuna mchoro mmoja niliokuwa nikiuchora ubaoni kwa raha. Mstari unapanda vilima na kushuka mabonde, na kadiri unavyoikaribia sifuri, vilima vinarefuka na kusongamana hadi havihesabiki. Ukitafuta jumla ya vilima peke yake, hutaipata. Inakua bila mwisho. Mabonde peke yake, vivyo hivyo. Lakini ukivichukua jinsi vilivyofuatana, kila kilima kikipunguzwa na bonde lake, unafika kwenye jumla ndogo, tulivu. Niliandika tasnifu nzima juu ya jumla za aina hiyo. Kosa la mvivu, niliwaambia wanafunzi, ni kutenganisha.

Mke wangu alinisikia nikijizoeza kuitetea tasnifu sebuleni kwetu Kitengela, akacheka. "Mwalimu, hiyo hesabu yako iko na huruma kukushinda."

Mwaka jana alihamia kwa dada yake Isinya. Tukaitisha kikao. Jumamosi moja akaja na kaka yake. Upande wangu akaja baba mdogo, amesafiri kutoka magharibi. Mzee wa kanisa akakaa katikati. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani. Sikuwa na ombi lingine duniani.

Mzee akamwambia, "Mama, anza siku ile mlionana, utuletee pole pole mpaka leo." Kwetu ndivyo kikao kinavyoendeshwa. Lakini mimi kichwa kigumu, nikaona tunapoteza wakati.

"Mzee, hivyo tutalala hapa," nikasema. "Aseme makosa yangu yote kwanza. Mazuri tutayarudia."

Baba mdogo akainamia kikombe chake. Mke wangu akaanza kusema. Alikwenda vizuri mpaka akafika kwenye msiba wao.

"Mama yangu alipokufa, huyu alifika jeneza limeshashuka. Alikuwa anamalizia hiyo kitabu yake." Akasita, akanitazama, na sauti ikalegea. "Na baadaye..."

"Hiyo ya baadaye ni ya upande ule mwingine," nikamkatiza. "Maliza huu kwanza."

Akaendelea. Kosa moja likamkumbusha lingine, na hilo lingine likamkumbusha mawili. Chai ikapoa. Nilikuwa nimekaa pale nikisubiri yaishe ili tuanze mazuri. Mwishowe akasimama, akachukua mkoba wake.

"Hii haiishi," akamwambia kaka yake. "Twende."

Mganga hajigangi, ndiyo, lakini mimi nilijipa sumu kwa mkono wangu. Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyeujua ule mchoro.

Baada ya mazishi yale nilibaki kwao wiki tatu. Nilimkatia nyasi ng'ombe wa marehemu na kuteka maji mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Siku hiyo mke wangu aliniegemea nyuma ya jiko, akalia mpaka akatosheka. Hayo ndiyo yaliyofuata. Alikuwa anakuja kunitetea, nami nikamnyamazisha.

Juzi nilimpigia simu nikamwomba amalizie maneno yale. Nilisikia kuku wa dada yake.

"Uliposema 'na baadaye'," nikamkumbusha.

"Mwalimu," akasema, bila hasira yoyote, "hata sikumbuki nilikuwa nataka kusema nini."