Bi Njama wa Morne Cabri

Saa ya matangazo ya vifo ikifika, kilima chetu cha Morne Cabri hunyamaza. Wacheza domino hushikilia kete mkononi, na wanaogombana huahirisha ugomvi. Mimi ndiye ninayeyasoma, katika redio ndogo iliyo juu ya duka la mikate. Hapa Martinique, kisiwa cha Karibi kinachotawaliwa na Ufaransa, mtu ana jina la cheti, ambalo hata jirani huenda asilijue, na jina alilopewa na mtaa. Tangazo lisiposema "anayejulikana kama fulani", watu hawajui wanakwenda kumzika nani. Familia ndiyo inayochagua jina lipi lisomwe.

Hakuna aliyesikiliza kama Bi Hermance Zobda. Alikaa barazani akimenya magimbi, redio miguuni, na likitajwa jina la mtu aliyefanya kazi mashambani alisema kwa sauti, "Wa migomba huyo." Naye alikuwa wa migomba. Tangu usichana wake hadi magoti yalipomkatalia, alifunika mikungu kwa mifuko ya buluu na kunyunyiza unga mweupe kwenye mashina ili kuua fukusi. Aliunyunyiza kwa mkono mtupu, kama mtu anayetia chumvi mchuzini. Mdogo wake Anselme alifuata nyuma na ndoo. Mchana walikula kwa mikono hiyo hiyo.

Alianza kuuliza baada ya kuwazika wengi wa migomba. Redio yetu ilikuwa imemwalika bwana mmoja kutoka ofisi ya kilimo mjini, na wasikilizaji wakaruhusiwa kupiga simu.

"Nauliza tu, bwana," alisema Bi Hermance. "Ule unga tuliomwaga umekwenda wapi? Mvua inanyesha, maji yanashuka mtoni, sisi tunakunywa chemchemi ile ile. Nani ameyapima?"

"Yamepimwa, mama. Hakuna tatizo."

"Lini? Na nani?"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa. Hapo Bi Hermance, ambaye mimba zake zote zilitoka kabla ya wakati, akapandwa na hasira. "Au mlitaka mbegu yetu iishe? Semeni tu!"

Nilimsikia yule bwana akishusha pumzi, kama mtu aliyefunguliwa mlango. "Aa, kumbe tumefika huko. Mama, hiyo inaitwa nadharia ya njama." Mtangazaji mwenzangu akacheka, akaweka muziki.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Alikuwa amesema mambo mawili. La maji lilikuwa swali, lilistahili jibu. La mbegu lilikuwa jeraha linalosema. Yule bwana aliliokota la pili akalitumia kulifunika la kwanza, na sote tukaona kwamba amejibu.

Kesho yake kwenye duka la mikate wakamdaka. "Bi Njama! Hii mikate ya leo ina sumu au tule?"

"Kuleni," alisema. "Nyie hata sumu ingewatapika."

Walicheka, lakini jina likabaki. Na lilifanya kazi kwa wengine pia. Mwalimu mmoja, ambaye mumewe alikuwa msimamizi shambani na sasa alikuwa anakojoa damu, aliniambia kwa kunong'ona, "Na mimi najiuliza kuhusu yale maji. Ila nikisema, nitakuwa Bi Njama wa pili." Hakusema. Wengi hawakusema. Tuliendelea kunywa.

Ikapita miaka. Siku moja gari la serikali likaja, wanaume wenye glavu wakasimika kibao kando ya mto: marufuku kuvua, marufuku kunywa. Chemchemi ikazibwa kwa saruji. Hakuna aliyepanda ngazi za redio kuja kuomba radhi. Kibao hakina mdomo.

Tangu siku hiyo jina la Bi Njama likawa cheo. Wanawake walimwamkia kwa kuinama. Wanaume walimpa kiti na bilauri ya ramu yenye ndimu. Ungedhani angefurahi, lakini yeye alizidi kukunja uso. Lile neno lilikuwa limezika maneno yake yote katika kaburi moja, ya haki na ya hasira. Kibao kilipolifukua, yote yalitoka yameshikana. Kama alisema kweli kuhusu maji, basi alisema kweli kuhusu mbegu. Na kama kuhusu mbegu, basi kuhusu kila kitu.

Kisha ikaja korona, na baada yake chanjo. Watu wakajaa barazani kwake.

"Bi Njama, tuchanje au tusichanje?"

"Sijui."

"Hujui kivipi?"

"Sijui, mwanangu. Sijasoma hata nusu ya mnayoyasoma kwenye simu."

Jua lilikuwa halijazama, na kwenye meza za domino walikwisha kutangaza: Bi Njama amekataa sindano.

Aliyemtia hofu ni Anselme. Waliishi ua mmoja, mlango ukitazamana na mlango. Alikuwa na kisukari, na kifua chake kililia kama birika. Aliapa kwamba majani machungu yanayoota kando ya uzio yangemtosha, na akayanywa asubuhi na jioni kwa uso uliokunjamana. Bi Hermance hakuwa na mwana wala mume. Alikuwa na Anselme tu.

Muuguzi Rosemonde, binti wa kilima hiki hiki, alikuwa akija kumfunga Bi Hermance kidonda cha mguu. Siku hiyo Bi Hermance alimkalisha. Akamwuliza kila alichokuwa nacho moyoni: chanjo imetengenezwaje, nani ameipima, kwa nini haraka hivyo. Rosemonde alijibu hadi kahawa ikapoa.

"Na baada ya miaka ishirini itatufanya nini?"

"Hilo sijui, Bi Hermance. Ninachokijua ni wale waliolala wodini kwangu sasa hivi, na wengi wao hawakuchanja."

Bi Hermance aliponisimulia alitikisa kichwa. "Wa kwanza kuniambia hajui. Wale wengine wote walikuwa wanajua."

Jumamosi akajifunga kilemba chake cha Jumapili, akaenda kwenye hema la chanjo pale kanisani mchana kweupe ili aonekane. Kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Anselme.

"Nimechanja."

Anselme akalaza kete. "Wewe? Wamekununua kwa nini, dada? Kwa keki ya nazi?"

Meza ikalipuka. "Bi Njama amekuwa Bi Serikali!"

"Nyamazeni, nyie kasuku. Anselme, niliuliza nikajibiwa."

"Hata yule bwana wa kilimo alikujibu."

"Yule alinicheka. Kucheka si kujibu. Twende, nitakushika mkono."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hawa ni waongo."

"Nilikufundisha kuuliza."

"Ulisema redioni wanataka mbegu yetu iishe. Nilikuwa hapa hapa, nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema kwa uchungu, mdogo wangu."

"Basi uchungu ulijua kuliko wewe," alisema Anselme, akaokota kete zake.

Aliugua kabla mwezi haujaisha. Gari la wagonjwa lilipopanda kilima, alikuwa amekaa mlangoni akivuta hewa kwa mabega. Wahudumu walipomlaza kwenye machela na kumtafuta mshipa, akamshika Bi Hermance nguo.

"Dada, waulize wananitia nini."

Akawauliza. Mmoja wao, mwenyeji wa bonde la chini, alimtambua. Huenda alikuwa amechoka. Siku hizo wote walikuwa wamechoka. Alisema, "Bi Njama, nakuomba, njama zako leo hatuna nafasi nazo."

Anselme akavuta mkono wake. Akashuka kwenye machela, sijui kwa nguvu gani, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Hakutaka kuguswa. Bi Hermance akampigia simu Rosemonde, naye akaja mbio, akapiga magoti, akamtajia kila dawa jina lake na kazi yake, polepole, mpaka Anselme akanyoosha mkono mwenyewe. Walimpeleka. Midomo yake ilikuwa imekwisha kuwa ya kijivu, na hakurudi.

Bi Hermance alipanda ngazi za redio peke yake, akishika ukuta. Alinitajia, nikaandika: Anselme Zobda, aliyekuwa mfanyakazi wa migomba. Wanaomlilia: dada yake, Hermance Zobda. Nikaweka nukta.

"Hujamaliza," alisema.

"Si lazima, Bi Hermance. Familia ndiyo inayochagua. Mimi nisingeliweka lile jina."

"Usipoliweka, nani atajua Anselme alikuwa mdogo wa nani?"

"Watakucheka."

"Walinicheka nikiwa sahihi, wakaninyenyekea nikiwa sijui. Anselme alikuwa akinisikiliza mimi, mwanangu. Msome na aliyekuwa akimsikiliza."

Nikasoma: dada yake Hermance, anayejulikana kama Bi Njama. Chini, kwenye duka la mikate, sikusikia mtu akicheka.

Mazishini waliruhusiwa wachache. Tulipokuwa tukitoka, mmoja wa wale wa meza ya domino alimsogelea, kofia mkononi.

"Bi Njama, lile hema... Jumamosi bado lipo?"

"Lipo. Kamwulize Rosemonde kwanza. Uliza yote. Akikucheka, njoo uniambie."

Mtu yule aliitikia kwa kichwa. Wenzake wawili, waliokuwa wamesimama karibu, walitazamana, wakatangulia kuteremka bila kutuaga.